Kuwamba na Kubamba

Wahenga walinena: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii tumeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 15, na kila mwaka tumeieleza kwa maneno yale yale, kwamba binadamu ana desturi ya kujipendelea. Wanafunzi wameinakili katika madaftari yao, wameijibu katika mitihani, nasi tumewapa alama zao. Lakini hatuna budi kukiri mbele ya walimu wenzetu kwamba katika miaka yote hiyo hatukuwa tumewahi kuwamba kitu chochote kwa mikono yetu, wala hatukuwa tumemwuliza mtu ajuaye kuwamba. Maana tuliyokuwa tukiifundisha ilikuwa ya kitabuni. Maana ya mikononi tulifunzwa mwaka 2023, uani kwa baba yetu mtaani Biryogo, mjini Kigali, kwa viti vya gari kuukuu.

Kabla ya kuvifikia viti hivyo, yafaa tueleze kosa lililotupeleka huko.

Baba yetu alizaliwa Biryogo mwaka 1945, na huko ndiko alikojifunza ushonaji. Wasomaji walio mbali na Rwanda huenda wasijue mtaa huo una maana gani kwa lugha yetu. Mji wa Kigali ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na Kiswahili kiliingia pamoja na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliotoka upande wa mashariki. Wabelgiji, walioitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliwatenga Waislamu katika kambi iliyojulikana kama Kambi ya Waswahili, huko huko Biryogo. Basi lugha ikabaki mtaani, sokoni, katika karakana na vituo vya magari. Katika Kinyarwanda neno umuswahili likaja kubeba, pamoja na maana zake nyingine, maana ya mtu mjanja asiyefaa kuaminiwa. Baba alikua na neno hilo likimfuata mgongoni kila alipopanda kilima kwenda kwa watu wa heshima kupima nguo zao.

Sisi tulikwenda chuoni, tukapata stashahada ya ualimu, tukarudi nyumbani na Kiswahili chenye cheti. Nyakati nazo zikageuka. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mgeni aliyekalishwa uani miaka mingi akakaribishwa sebuleni. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Shuleni kwetu tuliandaa hafla, tukawaalika wazee wachache wa Biryogo waje kuwaeleza wanafunzi jinsi lugha ilivyoishi kabla ya kuandikiwa vitabu vya shule. Baba yetu alikuwa miongoni mwao.

Alisimama akiwa amevaa kanzu yake nyeupe aliyoishona mwenyewe. Alieleza kwamba katika ujana wake, kabla ya kuaminiwa kukata suti, alitengeneza viti vya magari na vya sebuleni. Akasema, “Nilianza kazi kwa kubamba kiti. Siku moja nilikuwa namaliza kiti mbili.” Tulikuwa tumekaa karibu na kipaza sauti. Tukakivuta, tukasema kwa tabasamu, “Mzee anataka kusema kuwamba viti viwili. Kubamba ni kumkamata mwizi.” Wanafunzi wakaangua kicheko. Baba naye akacheka kidogo, akamalizia hotuba yake kwa sentensi moja, akaketi.

Tangu siku hiyo hakusema nasi Kiswahili tena. Tukimsalimu kwa Kiswahili, alijibu kwa Kinyarwanda, na jina letu alilotupa yeye mwenyewe akaliacha, akawa anatuita “Mwalimu.” Hakukasirika wala hakutusuta. Lugha aliyotukanwa kwayo akiwa kijana, mwanawe alimsahihisha kwayo mbele ya watu akiwa mzee. Tulilielewa jambo hilo polepole, kama mtu anayehisi baridi baada ya moto kuzimika. Hatukujua tuombe radhi kwa lugha gani.

Sasa tulitaje gari lenyewe. Baba mkubwa wetu alikuwa mfanyabiashara mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura, mtaa ambao ni ndugu wa Biryogo kwa lugha na kwa misikiti. Alikuwa na Volkswagen Karmann Ghia ya mwaka 1968, yenye milango miwili. Gari hilo lilichorwa na kampuni ya Ghia ya Turin, Italia, likaundwa na kampuni ya Karmann katika mji wa Osnabrück, Ujerumani, kuanzia mwaka 1955 hadi 1974, na zaidi ya magari 400,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. Kwa umbo ni gari la mashindano: liko chini, pua yake ni ya mviringo, na ubavu wake hauna kona. Kwa mwendo ni jambo lingine, kwani injini yake ni ile ile ya Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyo nyuma na inayopozwa kwa hewa. Baba mkubwa alipenda kulilinganisha na Datsun 240Z aliyoshinda nayo Shekhar Mehta katika mbio za Safari Rally mwaka 1973. Sisi watoto tulimwamini, hata pale lori la ndizi lilipotupita kwenye mwinuko.

Baba mkubwa alifariki, na mwaka 2003 gari likaletwa Kigali, likaegeshwa uani kwa baba chini ya turubai. Lilikaa hapo miaka 20. Kuku walitaga ndani yake. Mapema mwaka 2023 fundi mmoja wa Gatsata, kule kwenye magereji mengi ya jiji letu, aliifufua injini, kwa kuwa injini ya Volkswagen ni kama jembe, haina siri nyingi. Viti ndivyo vilivyokuwa vimekwisha. Mafundi wa viti tuliowaendea walitaja bei iliyozidi mshahara wetu wa mwezi. Wakati huo macho ya baba yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na siku moja alimwambia mjukuu wake, binti yetu, kwamba angependa kuketi tena katika gari la kaka yake wakati angali anauona usukani. Binti alitufikishia maneno hayo. Tukaamua kuvitengeneza viti wenyewe, nyumbani, katika likizo ya kiangazi.

Tulianza Jumamosi ya mwisho ya Julai, baada ya kurudi kutoka umuganda. Viti vya mbele vya gari hilo huteleza juu ya reli. Ukifungua kizuizi chake, kiti husukumwa hadi kikatoka. Tulivitoa, tukavipanga chini ya mparachichi. Baba alivuta kigoda, akaketi hatua chache kutoka tulipokuwa, amelaza mikono juu ya mkongojo. Hakusema neno. Chini ya kiti cha dereva binti yetu aliokota tasbihi iliyokatika uzi, akampa babu yake. Baba alizihesabu shanga kwa vidole, akazitia mfukoni.

Tukachukua wembe, tukaanza kulichana kava la zamani. Tulikuwa na haraka. Tulikata palipokuwa rahisi kukata, tukavitupa vipande pembeni kama maganda. Hapo ndipo tuliposikia, kwa Kiswahili, “Acha! Usitupe hiyo. Hiyo ndiyo mwalimu yako.”

Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili kwetu kwa mwaka mzima na zaidi. Hatukugeuka kumtazama, tukichelea kulitisha. Tulikusanya vipande, tukampelekea mapajani. Akavipapasa kimoja kimoja, akatwambia la kufanya. Kava kuukuu halichanwi ovyo, bali mshono hufunguliwa uzi kwa uzi. Kabla ya vipande kuachana, kila kimoja huandikwa namba kwa chaki, na huchorwa mshale wa kuonyesha upande wa mbele. Penye mkutano wa vipande viwili huwekwa alama ndogo kwenye kingo zote mbili, ili vikutane tena pale pale vilipoachana. Baadaye vipande hivyo hulazwa juu ya ngozi mpya ya bandia, vikafuatishwa kwa chaki, na kuongezwa sentimita 1 ya mshono kila upande.

Lakini palikuwa na jambo ambalo tusingelijua kamwe. Tulipokwisha kulaza kipande cha kiti cha dereva tayari kukifuatisha, baba alikizuia kwa kiganja. “Hii kava imekaliwa miaka hamsini,” alisema. “Imelegea. Ukipima kwa kitu chenye kulegea, utashona chenye kulegea.” Akatuelekeza tukikunje kipande katikati na kulinganisha nusu mbili. Kweli, nusu ya upande wa mlango, ambako dereva hupitisha uzito wake kila apandapo na kila ashukapo, ilikuwa imerefuka kuliko nyenzake. Basi tulifuatisha nusu iliyosalimika, tukaigeuza upande wa pili ili tupate kipande kamili.

Chini ya kava palikuwa na mto wa nyuzi za rangi ya kahawia zilizoshikanishwa kwa mpira. Tulidhani ni manyoya ya farasi, ambayo kweli yalitumika katika viti vya siku hizo. Baba alichomoa unyuzi mmoja, akauzungusha kati ya vidole, akaunusa, akasema, “Usumba.” Neno hili walimu wa pwani wanalijua vizuri: ni zile nyuzi za makumbi ya nazi. Huko Unguja makumbi hufukiwa katika matope ya ufukweni kwa miezi kadhaa, hupondwa na akina mama, kisha hutolewa nyuzi na kusokotwa kamba. Sisi tulikuwa tumelisoma neno usumba katika kamusi, tukalikariri, lakini hatukuwa tumewahi kulishika. Tulilishika Kigali, mji usioota mnazi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari ya Hindi, ndani ya kiti cha gari la Mjerumani. Na aliyetufahamisha ni mzee ambaye hakupata kuiona pwani. Alifunzwa neno hilo na fundi wake, aliyefunzwa na wake.

Usumba wa viti vya mbele ulikuwa umekuwa vumbi. Tulitaka kuutupa wote na kujaza sponji, kama wafanyavyo mafundi wengi siku hizi. Baba hakukubali. Alieleza kwamba sponji tupu iliyowekwa juu ya springi hukatwa nayo, na tena huzuia hewa, mtu akatoka jasho mgongoni. Kiti cha nyuma cha gari hilo ni chembamba mno, hakikai ila watoto au mizigo, na kwa hiyo usumba wake ulikuwa bado mzima. Tukauhamishia mbele. Springi tulizisugua kutu kwa brashi ya waya, tukazipaka rangi ya kuzuia kutu, na mbili zilizovunjika tukaziunga kwa waya. Juu ya springi tulitandika gunia, ili nyuzi zisidondoke na zisikwaruzwe. Juu ya gunia usumba. Na juu ya usumba sponji nyembamba ya sentimita 2 tuliyoinunua Gakiriro ya Gisozi, kwa maseremala. Kiti cha nyuma ndicho tulichokijaza sponji peke yake.

Kazi ya kushona ilifanywa kwa cherehani ya baba, Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Wenzetu wanaotaka kujaribu nyumbani wasidhani kwamba lazima wapate mashine ya kiwandani. Cherehani ya chuma ya zamani huweza kuipenya ngozi ya bandia, mradi mshonaji asiwe na pupa. Tuliweka sindano nene ya namba 18, na penye tabaka nne tuliacha kukanyaga, tukalizungusha gurudumu kwa mkono. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, kwani wa pamba huoza kwa jasho na jua. Mshono uwe mrefu, karibu milimita 4 kwa hatua. Mshono mfupi, ambao kwenye shati ni sifa ya fundi, kwenye ngozi ya bandia ni balaa, maana matundu husongamana na ngozi huchanika kwenye mstari huo kama stempu. Pini nazo hazitumiki, kwa kuwa tundu la pini halifi. Tulishikiza vipande kwa vibanio vya nguo. Na kiatu cha cherehani kilipong'ang'ania ngozi isisogee, baba alimwagiza binti yetu aweke karatasi nyembamba juu yake, akashona juu ya karatasi, kisha akaichana. Ngozi ikateleza kama hariri.

Siku hizo za kushona baba alisema Kiswahili mfululizo. Hakuwa anasema nasi, alikuwa anasema na kazi. Mkasi, pindo, kastabini, tupa, koleo: maneno yalimtoka kila moja na kifaa chake. Tulikuwa tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba Kinyarwanda kimeazima kwa Kiswahili, na kuwatajia mifano ya ubaoni: ameza, idirishya, igitabo, umukasi, umusumari. Hatukuwa tumefikiri kwamba azima hiyo ilipitia katika mikono ya watu. Hakuna aliyeandikiwa barua ya kuazima mkasi. Kijana mmoja alimsogezea fundi wake mkasi, fundi akalitaja jina lake, na jina likabaki.

Ikaja siku ya kuwamba. Kava lilikuwa tayari, limeshonwa, limegeuzwa. Kulivisha juu ya kiti si kazi ya nguvu, lakini sisi tuliifanya kwa nguvu. Fremu ya kiti hicho ina meno ya chuma pembezoni kwa chini, na kava huvutwa hadi ukingo wake ukanaswa na meno hayo. Tulianza upande wetu, wa mbele. Tukavuta, tukanasa jino la kwanza, la pili, la tatu, hadi upande wote ukakazika kama ngoma. Tulifurahi. Tulipozunguka nyuma, ukingo haukuyafikia meno kwa upana wa vidole vitatu, na katikati ya kiti mistari ya mshono ilikuwa imepinda kama mto Nyabarongo. Tukavuta kwa koleo. Kona moja ikaanza kuchanika.

Baba alikuwa amesikia mlio wa ngozi. Alisimama, akaja akipapasa hewani, akaweka viganja vyote viwili juu ya kiti. “Mwalimu,” alisema, “hapana bamba hivyo. Wewe unavuta kwako tu. Vuta huku kidogo, na kule kidogo. Anza katikati.”

Akatuagiza tulinasue kava lote, tulitandaze juani juu ya bati kwa muda wa kunywa chai. Ngozi ya bandia ikipata joto hulainika na kunyooka. Ikiwa baridi hukaidi. Wahenga wamesema ngozi ivute ili maji. Hii ya kisasa huvutwa ingali na moto. Kisha tukalivisha upya, baba akishika nyuma, sisi tukishika mbele. Tulinasa jino moja la katikati upande wetu. Naye akanasa la katikati upande wake. Kisha kushoto kwa katikati, kulia kwa katikati. Halafu tukageukia ubavu na ubavu. Kila tulipovuta, tulingoja avute. Kona ziliachwa hadi mwisho kabisa, kwa sababu makunyanzi yote hukimbilia konani, na huko ndiko yanakomalizwa. Hatukukaza jino lolote kwa mara ya kwanza. Tulirudia mzunguko mara tatu, kila mara kidogo zaidi. Mistari ya mshono ikanyooka yenyewe.

Tulipokuwa katika mzunguko wa tatu, tuliisikia ile methali kama kwamba hatujawahi kuisikia. Mwamba ngoma huvutia kwake: tulidhani ni lawama kwa mchoyo. Kumbe ni hali ya kazi. Kila awambaye huvutia kwake, hana pengine pa kuvutia. Kinachozuia ngozi isiende upande ni kuwapo kwa mwingine ng'ambo anayevutia kwake pia, kwa kiasi kile kile. Tarehe 7 Julai mwaka uliotangulia sisi tulikuwa tumevuta upande mmoja hadi mwisho, na kona ikachanika.

Likabaki lile neno. Baba alilirudia mara nyingi siku hiyo: bamba hapa, bamba pale. Safari hii tulimtazama midomo. Haikufunga. Kila mwalimu aliyekulia katika Kinyarwanda anajua kwamba b yetu ya kawaida haitamkwi kwa kuibana midomo. Hewa hupita, na sauti hukaribia kuwa w. Ni pale tu inapotanguliwa na m ndipo midomo hufunga. Tena tunajua, na tumelifundisha sisi wenyewe, kwamba mahali ambapo Kinyarwanda kina b hiyo, Kiswahili aghalabu kina w, au kimeiacha kabisa: abantu ni watu, abana ni wana, babiri ni wawili, kubona ni kuona. Basi kubamba ni nini? Waulize wafugaji wowote wa Rwanda: kubamba uruhu ni kuitandaza ngozi na kuikaza kwa mambo ardhini. Ni kuwamba. Ni neno moja la Kibantu lililokaa katika nyumba mbili, na baba alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja huku na mmoja kule, kama alivyosimama maisha yake yote. Hakusema kumkamata mwizi. Sikio letu ndilo lililosikia mwizi.

Tulimwambia hivyo jioni, tukiwa tumeketi juu ya turubai kati ya viti viwili vilivyokamilika. Tulimweleza habari za w na b kwa urefu, kama kawaida ya walimu, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema lililokuwa moyoni. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha tukasema, “Baba, siku ile shuleni tulikukosea. Utuwie radhi.”

Alinyamaza kidogo. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti, akaufuata toka mbele hadi nyuma, akitafuta mpindo asiupate. “Viti viwili,” alisema. “Ndivyo munavyosema, si ndivyo?”

Tukamjibu, “Kiti mbili, baba.”

Akacheka, akatuita kwa jina letu.

Kesho yake tulivirudisha viti kwenye reli zake. Baba aliketi upande wa dereva, akaushika usukani kwa mikono miwili, na zile shanga za tasbihi, alizokwisha kuzitunga katika uzi mpya wa nailoni, akazitundika kwenye kioo. Tulimwendesha hadi Nyamirambo na kurudi, kwa mwendo ambao lori la ndizi lingetupita tena.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba sarufi iachwe. Tungali tunafundisha viti viwili, na mwanafunzi aandikaye kiti mbili katika mtihani tungali tunampunguzia alama. Lugha sanifu ni ukingo wetu, nasi tumepewa kazi ya kuuvuta. Lakini ng'ambo ya pili wapo mafundi, madereva, wachuuzi na wazee, walioishika lugha hii katika miji yetu ya bara siku ambazo kuishika hakukuwa na mshahara wala cheti. Nao wana haki ya kuvutia kwao. Tangu mwaka huo, kila tunapofika kwenye methali ya mwamba ngoma, huwapeleka wanafunzi wetu kwa fundi mmoja wa viti, wakiwa na kalamu, na kuwapa kazi moja tu: waandike kila neno atakalolitaja, kama atakavyolitamka, wala wasimsahihishe. Kulijadili tutalijadili darasani baadaye. Safari ya kwanza walirudi na maneno 41. Tisa kati yake hatukuwa tunayajua.